Sukari ya Maziwa na Chombo cha Bibi

Jumatatu, 3 Juni 1996. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.
Naapa kuandika yote, hata ya aibu, kisha kurasa hizi zije kwako Kawale, huko Lilongwe, dada Carmen. Ya aibu ndiyo haya: leo nimekunywa uji wa maziwa shuleni na kushinda chooni. Bukeyeneza, mtoto wa shangazi, amekunywa vikombe viwili akanicheulia usoni. Makusudi! Jioni Bibi akatangaza kwamba Jumapili atatoa icansi, kile chombo cha mti cha kukamulia alichokibeba kichwani kutoka Burundi. Ng'ombe walibaki, chombo kikaja. Atapewa mjukuu anayepatana na maziwa. Bukeyeneza akalitazama tumbo langu.

Jumanne, 4 Juni.
Muuguzi Kalala kaniambia, "We mutoto, tumbo yako haipendi maziwa, njo vile. Kesho tunaenda Lilongwe, docteur akupime." Bibi akawaka. Tangu lini Mrundi akakataliwa na maziwa? Sisi tunaosalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe! Daktari akithibitisha, chombo ni cha Bukeyeneza.
Nikamuuliza Kalala wanapimaje. Unalala bila kula. Unatobolewa kidole. Unakunywa maji yenye sukari ya maziwa, unatobolewa tena na tena. Sukari ya damu ikipanda, mwili umeyeyusha ile ya maziwa. Isipopanda, maziwa yamekukataa.
Kumbe kazi ni kupanda tu! Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni. Lilongwe.
Peremende ndani ya soksi. Nilipomaliza kunywa maji yao ya sukari nikaomba kwenda chooni, nikazitafuna zote. Ikawa vizuri kwamba nilikuwa chooni, maana tumbo liliguruma kama kinu cha mahindi.
Nikatobolewa. Imepanda! Nikatabasamu. Daktari akakitazama kipimo, akakipiga kofi, akanitoboa tena. Nikatabasamu zaidi. Akasema maziwa si shida, lakini sukari ya damu ya mtoto haipandi hivi. Ana wasiwasi nina kisukari. Nirudi Ijumaa.
Kalala akakaa chini. Mimi nikaacha kutabasamu.

Alhamisi, 6 Juni.
Bibi amelia tangu alfajiri. Mzee Asumani, jirani yetu aliyetoka Kindu, Zaire, amekuja kumpa pole na kushauri ninyang'anywe chai tamu, miwa na viazi vitamu. Vimekwenda. Bibi anasema chombo hakikabidhiwi mgonjwa. Atangoja kipimo cha kesho.
Nilitaka kumwambia ukweli. Kweli, Carmen, nilifungua mdomo. Ndipo nikamwona Bukeyeneza uani, anakisugua chombo kwa majani, anakipuliza vumbi, anakiita "changu". Nikaufunga.
Nimefikiri vizuri, kama mwalimu anavyotufundisha. Jana kosa lilikuwa kupanda mno. Kesho lazima ishuke.
Gari la Kalala linaondoka sasa hivi kuja huko na kurasa hizi, na linarudi jioni, kwa hiyo nijibu kwa gari hilohilo: sokoni kwenu Kawale kuna kitu gani kichungu kabisa, cha kuishusha sukari kabla hawajanitoboa?