Nyota Moja kwa Mpima Ardhi

Jumatatu, 4 Machi
Mgeni wa chumba cha nyuma kaondoka saa nne asubuhi. Mpima ardhi, mama wa makamo, mpole, kakaa siku tatu. Alishukuru, akaacha ufunguo mezani, kisha akasema taratibu kwamba bomba la bafuni linavuja. Nikamjibu nalijua hilo. Kosa! Kwa nini nilikiri?

Sasa ataandika maoni mtandaoni. Tuna nyota nne na nusu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, anapangisha chumba nyumba ya pili kutoka hapa. Ana nne nukta tisa. Juzi alizitaja msibani.

Tukishuka chini ya nne, kampuni ya mtandao tunaopangishia inatuondoa kwenye orodha. Mke wangu anafua mashuka, anapiga pasi, anadeki. Mimi nahusika na mikakati.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kanuni zote, hata maandishi madogo. Mgeni anatuandika sisi, sisi tunamwandika yeye. Muda ni siku kumi na nne. Hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili waandike, au muda uishe. Yakishatoka, hakuna kufuta.

Wengine wataona hapo haki. Mimi nimeona mwanya. Akinichafua wakati nami nimeshamchafua, watu watasema mama huyu ni mgomvi tu. Nimeandika: "Mchafu. Mlalamishi. Anakoroma mpaka vioo vinatetemeka." Nyota moja. Nikabonyeza. Chai ikashuka vizuri.

Vioo havikutetemeka. Sijui hata kama anakoroma.

Alhamisi, 7 Machi
Mgeni kaandika. Nyota tano! "Mama mwenye nyumba alinipigia pasi nguo za kazi bila kuombwa. Mzee alisema kweli kuhusu bomba. Nilijisikia nyumbani."

Nimesoma mara tatu nikitafuta kejeli. Hamna.

Na yangu imetoka saa ileile, kwenye ukurasa wake, kila mwenye chumba aione. Nimepiga simu huduma kwa wateja. Binti kaniambia maoni huondolewa yakivunja kanuni, na lazima aliyeandikwa ndiye alalamike. Nikauliza kama naweza kujishtaki mwenyewe kwa uongo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema kwenye fomu hamna kisanduku hicho.

Mke wangu kasomewa nyota tano, kafurahi sana. Nyota moja sikumsomea.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaingia bila kubisha hodi, simu mkononi. Mpima ardhi anarudi kikazi kwa mwezi mzima. Wenye vyumba wawili wamemkataa, sasa kamwomba yeye. Shemeji akatusomea ujumbe wake: hajui alikosea nini, lakini kama tatizo ni kukoroma, yuko radhi kulala hata stoo, mbali na watu.

Mke wangu akaiachia pasi juu ya shuka.

"Ni wewe?"

Nikasema ulikuwa mkakati.

"Mtu kakusifu, wewe umemnyima pa kulala."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Shuka lililokuwa chini ya pasi limebaki na alama ya kahawia.

Jumapili, 10 Machi
Nimempigia mgeni, mke wangu kasimama pembeni. Nilianza kwa kumfafanulia mfumo unavyofanya kazi. Mke wangu akanikanyaga. Basi nikasema: nilidanganya, nilikuogopa, samahani.

"Kwa hiyo sikoromi?" akauliza.

Nikamwambia, dada yangu, kwa kweli sijui. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alisema siku tatu hizi analala na simu ikirekodi, asubuhi anakaa kitandani anajisikiliza. Niliona aibu ambayo sikujua bado ninayo.

Chini ya maoni yake naruhusiwa kujibu hadharani. Nimejibu kwamba nilimsingizia, na kwamba yeyote atakayempokea atakuwa na bahati. Mke wangu alitamka, mimi niliweka nukta. Shemeji kampa chumba.

Jumatano, 20 Machi
Mgeni mpya, mwalimu wa muziki, kaondoka leo. Aliitazama dari ya bafuni muda mrefu. Dalili mbaya.

Mke wangu kanionya nisiandike chochote. Nimekubali kwa moyo wote. Mimi si yule wa wiki mbili zilizopita. Kosa langu nimelichambua, ni moja tu: niliwahi mno. Safari hii nasubiri siku ya kumi na nne, dakika tano kabla muda haujaisha, ndipo nibonyeze. Atajibu saa ngapi?

Rasimu iko ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Bado napima kati ya "mwizi wa taulo" na "anaongea na kuta". Kengele ya kunikumbusha nimeitega kwenye simu ya mke wangu, maana yangu kaificha.