Harufu Imehamia Kwetu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Chumba kinanuka! Jana kilinuka kidogo, nikadhani ni nepi. Leo nepi zote zimefuliwa, zimeanikwa, na bado. Happyness mwenyewe nimemnusa kuanzia kisogoni mpaka vidole vya miguu. Ananukia maziwa tu, mwanangu. Si yeye.

Na Jumamosi mama mkwe anakuja kutoka Mngeta. Alishamwambia mume wangu Festo kwamba anakuja kuangalia tunavyoishi. Akiona mjukuu wake analelewa ovyo, mimi na mtoto tutapanda naye basi la kurudi, tukakae kwake mpaka mtoto atembee. Festo abaki Ifakara peke yake. Mtoto ndiyo kwanza amekaza shingo! Atatembea lini?

Festo anasema hasikii harufu yoyote. Atasikia nini? Anashinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pua zimejaa pumba.

Nimemwachia Mungu. Pia nimewasha udi. Sasa chumba kinanuka kitu kilichokufa kikafukizwa.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimegundua! Ni Kabula.

Kabula ni jirani yangu wa mlango wa pili. Msukuma. Wazazi wake wana ng'ombe huko bondeni, naye kila wiki anasukasuka maziwa kwenye kibuyu apate samli. Nikajipitisha mlangoni kwake na mtoto mgongoni, nikivuta pumzi kama mtu wa mafua. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, ila samli yake ya leo haijachacha kweli? Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama Happy, kwa hiyo kila kinachonuka Ifakara ni cha Wasukuma? Hebu twende tukanuse kwako."

Akaja. Akaishia mlangoni, khanga puani. Akasema hiyo si samli, kuna kitu kimekufa humo. Halafu akakinyooshea kidole kile kiroba cha pembeni, akauliza kina nini. Nikamwambia mchele mpya, mama mkwe katutumia kwa basi wiki iliyopita, na mchele haujawahi kunuka tangu dunia iumbwe. Akauliza mbona kiroba bado kimeshonwa.

Nikamweleza mpango wangu. Sikifungui! Jumamosi mama mkwe akute mshono wake uleule, uzi wake uleule wa manila, ajue mke wa mwanawe si mlafi, anajua kutunza. Kwa sasa tunanunua wa dukani. Festo ananung'unika. Wanaume hawajui mambo ya wakwe.

Kabula akaniangalia. Akasema haya, dada.

Wivu huo.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Panya! Lazima ni panya, amefia darini. Nikamwita mwenye nyumba, Mzee Nazari. Shikamoo nyingi, kiti, maji ya kunywa. Akapanda. Akashuka na utando wa buibui kichwani na kandambili moja ya mpangaji wa zamani. Panya hakuna. Akasema nyumba yake haikuwahi kunuka kabla sijahamia mimi.

Nililia kidogo. Happyness akanishika pua. Nadhani naye ananionea huruma.

Ila kuna jema moja. Paka wa Mzee Nazari alimfuata, na hajaondoka. Amelala juu ya kiroba. Anakinusa, anakiparura, anakilalia tena. Paka mwenye akili! Analinda mchele wangu usiliwe na panya. Nikampa uji, akaukataa.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Leo ilikuwa vita kamili. Nimemwaga maji sakafuni ndoo juu ya ndoo. Sabuni ya unga, ndimu, mchaichai. Sakafu yetu imebonyea pembeni pale kiroba kilipo, maji yakatuama hapo. Nikaona si vibaya, kiroba nacho kioshwe kitako.

Mpaka saa tisa chumba kilinukia kama hospitali. Saa kumi harufu ikarudi, safari hii na ndugu zake.

Halafu mama mkwe akapiga simu. Nikapiga magoti kabisa, utadhani ananiona. Akauliza mzigo tuliupata. Nikasema tuliupata mama, ahsante sana. Akauliza, "Wote?" Nikasema wote, mama. Akauliza kama unanisaidia. Nikasema mno! Akasema basi vizuri, nipate maziwa ya kumtosha mtoto.

Mchele na maziwa wapi na wapi? Wazee hawa.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimekwisha. Hata Festo amesikia! Alisimama katikati ya chumba akiwa amevua kiatu kimoja, akauliza hiki ni nini. Nikamwambia ndicho ninacholilia tangu Jumatatu. Akasema basi bora nianze kufunga nguo za mtoto. Nikajua anatania. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

Nimepanga nguo kwenye sanduku. Nikazipangua. Nikazipanga tena. Huyu mwanaume nampenda, na anachomoka nyumbani kila siku bila kufunga vifungo vya shati. Nani atamwambia?

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimepata wazo! Kesho mama mkwe haingii ndani. Mkeka nje, chakula nje, mtoto nje. Na kiroba nitakitoa nje, akione.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Alifika saa nne. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akampokea Happyness, akampima uzito kwa mikono kama anayenunua kuku. Nikamkalisha mkekani. Kabula akamletea maziwa ya mgando. Kila kitu kizuri! Upepo mzuri!

Nikakitoa kiroba, nikakiweka mbele yake kama mahari.

Harufu ikatoka nacho. Ikakaa nasi mkekani. Nikafungua mdomo nisingizie mtaro.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akaugusa mshono wake. Akauliza taratibu kwa nini hakijafunguliwa. Nikasema nilikuwa nakutunzia, mama. Akaomba kisu.

Kambale! Katikati ya mchele, ndani ya mfuko, kambale. Au waliokuwa kambale. Aliwabanika mwenyewe, hawakukauka sawasawa, lakini alijua tutawala siku ileile. Akawafukia humo kwa sababu kitoweo kikionekana kwenye basi hakifiki. Akasema bonde zima linajua: mchele ni kifuniko tu, mzigo wenyewe uko katikati. Bonde zima! Mimi kwetu ni Lumemo, mama yangu namfikia kwa miguu. Nani aliwahi kunitumia kitu kwa basi?

Kabula akasema hata Wasukuma wanajua.

Walikuwa wa supu yangu. Mzazi apate maziwa. Hapo nililia kweli. Na mchele nao chini umeota ukungu, pale nilipouogesha. Paka peke yake ndiye aliyefurahi.

Nikaingia ndani, nikatoka na sanduku. Mama mkwe akauliza naenda wapi. Nikasema Mngeta, mama, si ndivyo ulivyosema? Akafunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka! Akasema, "Nikupeleke kwangu, kwenye mpunga wa mwaka mzima? Ukanitunzie na huo? Kaa hapahapa na mumeo, mwanangu. Mtoto ana afya. Ndicho nilichokuja kuona."

Nabaki! Nabaki!

Jumatano, tarehe 25 Juni

Kiroba kingine kimefika. Mama mkwe alipiga simu basi likiwa bado njiani: fungua leo. Nikakifungua palepale stendi, watu wanatazama. Kambale, wakavu, wanono. Tumekula supu, na maziwa yanatoka mpaka gauni linalowa. Nimejifunza! Kitu cha kuliwa kiliwe.

Ila mmoja, mkubwa kuliko wote, nimembakiza. Mama mkwe anakuja mwezi ujao kwenye ubatizo wa Happyness, nataka aone nilivyomtunzia. Si kwenye mchele, mimi si mjinga. Nimemfunga kwenye gazeti, nikamlaza chini kabisa ya sanduku, ndani ya gauni jeupe la ubatizo. Hapo hata paka hafiki.

Leo asubuhi chumba kina kaharufu.

Ni Kabula na samli yake. Acha nikamwambie.