Ombi la Bwana Arusi Kuingizwa Katika Ratiba ya Ndoa Yake

Bunia, mtaa wa Lumumba

Kwa Mjomba Alphonse,
Prezida wa Kamati ya Ndoa yangu

Mjomba mpendwa,

Kwa heshima yote ambayo mtoto wa dada yako anapaswa kukupa, na baada ya kuoga na kuchana nywele kabla ya kushika kalamu, naomba kuuliza kama bado naoa.

Siulizi kwa hasira. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kupanga miradi ya visima. Visima vyangu vya Bogoro vilianza vikiwa visima na vikaisha vikiwa visima. Hakuna kilichogeuka shule njiani. Ndoa yangu na Ketsia nayo ilipangwa hivyo: misa, chakula uani kwako, kisha watu waende kulala. Kamati ililala na mpango huo, ikaamka na mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fanfare. Mtu alisema ndoa bila tarumbeta inafanana na matanga, nanyi mkapiga makofi. Wapiga tarumbeta hawakai juani, basi likaja hema. Hema halikuenea uani, basi ukavunjwa ukuta wa jirani, Mzee Bruno. Ili asikasirike, mkamfanya makamu wa prezida. Tangu hapo kila wazo lake linapita, kwa sababu likitolewa wote wanautazama ukuta.

2. Desturi yetu kwamba anayechanga ana haki ya kuongeza neno. Mama Suzanne alileta kuku, akaongeza ubatizo wa wajukuu zake siku hiyohiyo. Mwalimu Moïse alileta viti, akaongeza jubilei ya ualimu wake, pamoja na hotuba. Mimi nilileta bwana arusi tu, kwa hiyo sina neno.

3. Kitenge cha sare. Mlichagua kile chenye tausi, kikaisha sokoni, tarehe ikasogezwa. Kilipopatikana, kamati ilikuwa imeongezeka, kikaisha tena.

4. Hili naliandika nikiwa nimeegemea ukuta uliobaki. Aimé na Lydie, mwandishi na mtunza hazina wa kamati, walipendana mikutanoni. Naelewa, mikutano ni mirefu. Lakini mliamua kwamba, kwa kuwa wao walihudhuria yote na mimi nilikosa mmoja kwa ajili ya malaria, wao waoane kwanza. Wakaoana, kwa fanfare yangu, chini ya hema langu. Nilicheza sana, hata nikashukuriwa kwa kuja.

5. Katika mkutano wa juzi ndoa yangu iliwekwa kwenye mengineyo, na muda ukaisha.

Mjomba, naogopa. Ketsia hacheki tena. Jana aliniambia: "Placide, weye unaoa miye ao unaoa kamati? Siku ya posho ikipita bila ndoa, miye narudia kwetu Mahagi." Posho, yaani Jumamosi hii. Nampenda mwanamke huyu, na akiondoka hakuna tarumbeta itakayonibembeleza.

Kwa hiyo naomba turudi kwenye misa, chakula na kulala. Asiongezwe mtu, kuku wala tausi, mpaka mimi na Ketsia tuambiwe tarehe itasogea kiasi gani, na sote wawili tukubali. Tena mikutano isitangazwe mwisho wa misa. Mawasiliano mema ni kumwambia anayehusika, si parokia nzima.

Unisalimie Mama Jeanine na wote wa nyumbani. Uwasalimie Aimé na Lydie wakirudi kutoka fungate, na umpe Mzee Bruno pole ya ukuta.

Mimi mpwa wako, ninayetumaini kuwa mume,
Placide

N.B. Ketsia amesoma barua hii kabla sijaifunga, na amekubali kila neno. Ila ameuliza mama zake wadogo watakaa wapi, maana wamepata lori, na lori limejaa. Wanakuja na ngoma, basi fanfare isiondoke, wapokezane. Hema nalo libaki, na ukuta wa upande wa pili uangaliwe. Posho hii haitawezekana, yeye mwenyewe ameliona hilo. Anaomba kuingia katika kamati na kuitisha mkutano wa haraka. Nimemkubalia, mjomba, sijamwona akicheka hivi tangu tuchumbiane.