Nilivyoijibu Kanda ya Marehemu

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe. Naandika nikiwa njiani kutoka Koboko kurudi Arua, gari linaruka mashimo, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe.

Mnanijua kwenye kundi hili. Mimi ndiye Drani wa Manibe, mgawa alama. Wimbo ukitoka, natoa maksi. Rumba za ng'ambo ya mpaka wa Vurra naweza kuzisikiliza mpaka mpiga gitaa achoke yeye. Kwaya yenye kinanda kinacholia kama paka? Sifuri. Vitabu navyo hivyo hivyo. (Naam, mliniambia huu mdomo utaniponza. Furahini.)

Sasa kuna Poni. Nataka kumwoa, na leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwao ili mama yake anione. Mama akinikataa, ndoa hakuna. Poni ameshasema hivyo bila kuzunguka. Baba yake alifariki zamani, na kati ya vitu alivyoacha ni riwaya moja nene ambayo Poni anaitunza kama yai. Alinipa niisome. Mwezi uliopita akaniuliza kama nimeimaliza. Nikasema ndiyo. Akauliza mwisho wake ukoje. Nikasema, "Acha tu, nililia." (Niliishia ukurasa wa thelathini. Kilichonitoka ni udenda.)

Nimefika saa nane mchana. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mabati, na sebuleni mlikuwa na giza la magharibi. Mama Poni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu. Chakula iko jikoni, bado kidogo. Sikiliza kanda ya mzee kwanza. Poni anasema wewe iko mtu ya muziki."

Akawasha redio ya kaseti ya zamani, ile ya betri nyingi, kisha yeye na Poni wakaenda jikoni, ng'ambo ya ua. Mvua ikaanza. Nikabaki peke yangu na picha ya marehemu ukutani. Nikachagua kiti kizuri kuliko vyote, chenye mto, nikakaa.

Wimbo ulikuwa wa adungu, kile kinubi cha kwetu, nyuzi zinalia polepole, wanaume wanaitikia kwa mbali kama wako chini ya kisima. Ubeti wa saba, bado hawajafika popote. Nikanong'ona, "Mbona mrefu hivi? Alama mbili."

Tak! Wimbo ukakatika.

"Umechoka?" sauti ya mwanamume ikauliza. Nzito, ya karibu, kama ya mtu aliyeinama sikioni. "Hii wimbo hukupenda. Mimi najua."

Nikajiambia: Drani, hiyo ni kanda. Watu hujirekodi. Tulia.

"Na wewe mwenye iko kwa kiti yangu," sauti ikasema, "toka."

Mama yangu! Niliruka mpaka goti likagonga meza. Nikasogea upande wa mlango, macho ya picha yakaja na mimi. Nikarudi upande wa dirisha, nayo yakarudi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata ningepiga yowe, jikoni wasingesikia. Sauti ikavuta pumzi.

"Sasa sema kweli. Ile kitabu umesoma yote, ama unadanganya mutu?"

Nani amemwambia? Poni mwenyewe hajui! Nikairukia redio, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kimya.

Halafu adabu ikanishika. Huyu ni baba mkwe. Ameniuliza swali nyumbani kwake, nami nimemkata kauli, tena siku ya kwanza! Nikabonyeza tena ili aendelee. Kwa haraka zangu, vitufe viwili vikashuka pamoja, kimoja chekundu. Kanda ikazunguka. Naiona inazunguka. Lakini sauti, hakuna.

Nikaelewa kwamba anasubiri jibu.

Nikapiga magoti kwenye saruji. "Mzee, samahani. Kitabu sijamaliza. Ukurasa wa thelathini usingizi ulinishinda. Poni nilimdanganya kwamba nililia, kwa sababu nampenda na niliogopa ataniona mjinga. Kiti sikujua ni chako. Na wimbo niliupa mbili, nakuongezea, chukua saba." (Ndiyo. Nilipatana bei ya alama na marehemu.) "Tafadhali, mzee, usinifuate Arua."

Kanda ikazunguka, nami nikaendelea kuomba, mpaka ikafika mwisho na vitufe vikaruka vyenyewe. Mimi pia niliruka.

Mvua ilipopungua wakaingia na chakula. Mama Poni akaniona nimejibanza kwenye kigoda kando ya mlango, kile kiti chenye mto kikiwa kitupu. Akatabasamu.

"Mzee amekufukuza? Alikuwa karani ya malori huko Vurra, anakaa mwezi mzima. Anarekodi nyimbo, anaweka maneno kwa watoto, anatuma nyumbani. Kaka zake Poni walikuwa wanapigania hiyo kiti. Na huyu Poni alikuwa anadanganya kusoma."

Lo! Kumbe maneno ya watoto! Roho ikarudi mahali pake. Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikachukua paja la kuku.

"Ngoja usikie mwisho," Poni akasema, akirudisha kanda nyuma. "Hii ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Na mwisho ndio mtamu."

"...ama unadanganya mutu?" marehemu akauliza.

Tak.

"Mzee, samahani," ikajibu sauti yangu.

Kuku alinikwama kooni. Kile kitufe chekundu ni cha kurekodi. Yote yakatoka, neno kwa neno, mvua ikilia nyuma yangu: ukurasa wa thelathini, machozi ya uongo, chukua saba, usinifuate Arua. Kisha mkwaruzo mtupu mpaka mwisho wa kanda. Nilikuwa nimemfuta baba wa watu kwa sauti yangu.

Poni aliishika redio kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Hayo hayakuwa ya kuigiza. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikasema samahani mara tatu, na ya tatu haikutoka vizuri.

Mama Poni aliitazama picha. Halafu akaanza kusema, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa yake kabisa, nywele zikanisimama:

"Sema tu kweli, mtoto yangu. Hata mimi ile kitabu imenishinda. Nimefika katikati, nikalala. Nikirudi nyumbani tutasoma pamoja mpaka mwisho."

Ndiyo maneno niliyokuwa nimeyafuta. Alikuwa nayo yote kichwani.

"Hakurudi," Poni akaniambia. "Hiyo ndiyo kanda ya mwisho. Na mimi sijawahi kukimaliza, Drani. Nafika pale alipokunja ukurasa, nashindwa. Nilikuuliza mwisho wake ukoje kwa sababu siujui."

Nami nilimpa machozi ya uongo. Mimi, mgawa alama!

Mama Poni akajifuta macho, na ghafla akacheka, mabega yote yanacheka. "Miaka yote hii anauliza, hakuna mutu anajibu. Leo amepata jibu!" Kisha akanisukumia bakuli la mchuzi. "Kula. Lakini wewe ndiyo umefuta, wewe ndiyo utajaza. Soma kitabu mpaka mwisho, halafu urudi utusomee kwa hii kanda. Ukidanganya tena, mlango iko hapa."

Basi niko kwenye gari, kitabu magotini, ukurasa wa thelathini na moja. Chekeni mkimaliza, ila anayejua kinavyoisha anyamaze: Koboko kuna watu wawili wanasubiri kuusikia mwisho huo kutoka kwangu. Watatu, ukimhesabu yule wa ukutani.