Bokoboko Toleo 2.5

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Mwezi 23 Ramadhani (Novemba 2002).

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Programu Huria,
Unguja.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaamu alaykum, na saumu makbul kwako na kwa wote wanaofanya kazi chini ya feni yako. Mimi ni Qais, mume wa Bi Badriya, ambaye chama chako kimemkabidhi kazi ya kutoa matoleo ya ile programu ya kuandikia barua, mnayoigawa bure na kumruhusu kila mtu aifungue ndani aitengeneze apendavyo. Na programu yenu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kuwa mambo yake yameingia jikoni. Ningemlalamikia mke wangu mwenyewe, lakini kila nikimlalamikia hunishukuru kwa kuripoti kasoro, kisha huandika jina langu katika orodha ya waliosaidia.

Kwanza nieleze nilivyofahamu, unirekebishe nikikosea. Toleo lenye namba shufwa, kama 2.4, ni thabiti: limeshajaribiwa, haliguswi ila kutiwa kiraka, na mtu mwenye familia anaweza kulitegemea. Toleo lenye namba witri, kama 2.5, ni la majaribio: kila mwenye wazo hulitia humo, na anayelitumia hulitumia kwa hiari yake, roho mkononi. Utaratibu mzuri sana. Shida ni kwamba tangu kuandama mwezi, nyumba yangu ina masufuria mawili ya bokoboko.

Bokoboko 2.4 ni la marehemu mama yangu: ngano, nyama ya mbuzi, chumvi, samli, na mkono usiochoka kusonga. Alimfundisha Badriya mwenyewe kabla hajafariki. Nikilila hulia kidogo, nikasingizia vitunguu. Bokoboko 2.5 lina pweza wa Bwejuu.

Nakuandikia leo kwa sababu kaka yangu Tamim anakuja kufuturu kwetu magharibi hii. Amekaa Maskati miaka mingi, maziko ya mama hakuyawahi, na kwenye simu aliniuliza jambo moja tu, kama lile bokoboko bado tunalipika. Nilimwambia tunalipika vile vile. Ninataka sana neno langu liwe kweli, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo maana barua hii naituma kwa mkono, na malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Kuonja. Mwezi huu mchana hakuna anayekula. Mpishi ameruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini pweza hajaribiwi kwa ncha ya ulimi. Kwa hiyo toleo la majaribio halijaribiwi na aliyelipika. Hujaribiwa na umma, baada ya adhana, kwa pamoja, na wote wana njaa.

2. Sahani. Wewe ni mtu wa mjini, unajua kuwa sahani ya futari ikienda kwa jirani hairudi tupu. Miaka yote zetu zilirudi na kaimati, au tambi, au sambusa mbili tatu. Mwaka huu Badriya amewaambia majirani asitumiwe chakula, atumiwe ripoti ya kasoro. Sahani sasa zinarudi na karatasi. Bi Mwanapili wa mlango wa pili ameandika kuwa pweza ni mgumu upande mmoja. Mzee Kificho, ambaye hana jino hata moja, ameripoti kuwa pweza hatafuniki kabisa. Jambo hilo limechunguzwa, na imethibitika kuwa kasoro hiyo haitokei katika nyumba zenye meno. Mimi nilikuwa nikizitegemea zile kaimati.

3. Wakati. Juzi adhana ilikwisha, nikafungua kwa tende, nikauliza bokoboko li wapi. Nikajibiwa kuwa toleo hutoka likiwa tayari, halitoki kwa kufuata saa. Huenda hiyo ni hekima kubwa huko kwenu. Lakini mwadhini hakushauriwa. Nilikula tende zilizokuwa za kumwekea Tamim, na nikaona haya.

4. Kujitenga. Bi Mwanapili alileta wazo la kutia tui la nazi. Wazo lilikataliwa, naye akachukia, akachukua mapishi yetu kama sheria yenu inavyomruhusu, akateleka sufuria lake mwenyewe ng'ambo ya uchochoro. Sasa watu wa tui na watu wa pweza hawaazimani hata mchi. Ndugu Mwenyekiti, mapishi haya mama alimficha dada yake wa tumbo moja. Leo yamebandikwa mlangoni kwetu, na chini yake pameandikwa kuwa anayeona njia bora aseme. Amekwishatokea mtu wa Makunduchi anayeitwa Pandu, tusiyemjua kwa sura wala kwa ukoo, ameleta marekebisho kwa barua pepe, na yamepokewa.

5. Watoto. Binti yangu Abeer aliposahau sura ya Kurani aliyotakiwa kuisoma chuoni, alimwambia maalimu wake kuwa hiyo ilikuwa ya majaribio na iliyo thabiti itatoka baada ya Idi. Maalimu alikuja kuniuliza mimi.

6. Mimi mwenyewe. Usiku wa kuamkia jana, Badriya alinieleza kwa upole, tena kwa mapenzi, kuwa na mimi ni toleo. Anasema ni thabiti mno, sijabadilika tangu harusi, na toleo la namna hiyo halitiwi tena kitu kipya, hutiwa viraka tu. Asubuhi nikaiangalia kanzu yangu. Ana haki.

Kwa hayo yote naomba chama kikutane kabla ya magharibi na kiazimie kwamba, katika Ramadhani, witri ibaki kwenye sala, isiteremke masufuriani. Pia pweza arejeshwe Bwejuu kwa heshima zake.

Na ombi langu kubwa, ambalo hata mkiyakataa mengine nawasihi mnikubalie hili: sufuria la 2.4 lisiguswe na yeyote. Asiliguse mwenye ujuzi wala mwenye nia njema, awe mgeni au mwenyeji. Mwenye wazo akalitie kwa pweza, lionjwe na watu wazima, libishaniwe hadi lichoshe, kisha tulizungumze mwakani tukijaaliwa. Kuna vitu mtu amebakiwa navyo kimoja kimoja tu, na havifai kufanyiwa majaribio.

Nisalimie karani wako Bi Shaima, ambaye simu zake humkuta mke wangu akikaanga na hupokewa hivyo hivyo. Wasalimie wanachama wote, shufwa kwa witri. Na huyo Pandu akiandika tena, mwambie salamu zimefika na asitume kitu.

Ni mimi, mwenye njaa na adabu zangu,
Qais

Baada ya saini: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha nimepita jikoni. Badriya yuko juu anasali Alasiri. Nikafunua sufuria la 2.4, nikanusa, na likanijia wazo kuwa mama alikuwa akitia na kitu kingine, cha rangi ya kahawia, kilichokaa kwenye kopo la rafu ya juu. Kopo nimelikuta, halina kibandiko. Nimetia vijiko vitatu nikasonga. Rangi imependeza mno. Abeer ameshapakua humo sahani za majirani na kuzipeleka, na Tamim huyo anapiga hodi. Tafadhali mweleze Badriya kuwa mchango wangu uingie moja kwa moja katika toleo thabiti, na jina langu liwekwe juu ya la Pandu. Kuonja sijaonja; nimefunga.