Magunzi ya Haruna

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Haruna kapata! Mtambo mpya wa umeme hapa Karatu, ule unaochoma magunzi ya mahindi, umemchagua yeye kuleta magunzi kutoka Baray. Haruna! Jirani yangu wa duka, asiyejua hata kufunga gunia. Kaajiri vibarua kumi na wawili, shemeji yangu Jackson yumo. Mke wangu Nasrin anamwombea dua kwa sauti. Mimi huniombea kimya, kama huniombea.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda Baray kumharibia Haruna. Nikamwambia mkulima mmoja, Adrian, kwamba shamba likinyang'anywa magunzi, ardhi hununa. Akasema ardhi yake haijanuna, aliyenuna ni mimi. Wakulima wenzake wamecheka hadi wake zao wakatoka kutazama.

Jumatano, 6 Agosti
Wazo! Mavi ya ng'ombe! Makavu yanawaka vizuri mno, nitauuzia mtambo. Nikakodi pikapu hadi Olbalbal. Mzee Kaika, mfugaji, akasema wengi huja kwake kutaka ng'ombe. Wa kutaka mavi ni mimi wa kwanza. Akanielekeza kwa mkewe Nareyu, maana wanawake ndio huyakandikia nyumba. Mama akataka madumu ishirini ya maji. Nikaleta. Pikapu ikajaa, mavi makavu kama biskuti. Turubai la nini? Olbalbal hakuna hata umande.
Wakati wa kurudi, ukingoni mwa kreta ya volkano: ukungu. Kisha manyunyu. Karatu nimefika na uji.

Alhamisi, 7 Agosti
Beatrice, injinia wa mtambo, kakataa mzigo huku kaziba pua. Vibarua walipokwenda kula, nikaumwaga wote kwenye rundo la Haruna. Alaumiwe yeye!
Saa tisa moto ukazimika. Mashine za kusaga unga mjini kimya. Vibarua wakarudishwa nyumbani. Jackson kaja kukaa barazani kwangu, anauliza mtoto atakula nini. Nikaiweka chai chini. Nikainywa baadaye.

Ijumaa, 8 Agosti
Haruna kaja. Kaviona viatu vyangu vimeganda mavi, hakufoka.
"Twaha, ndugu yangu, ungesema tu, tungefanya wote."
Baada ya sala tumechambua rundo zima, mimi, yeye na vibarua. Magharibi moto ukawaka. Kisha kanipa kazi: msimamizi wa kuanika magunzi! Machozi yamenitoka. Nimeapa: wivu basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya kwanza kazini. Nimeanika vizuri, Beatrice kasifu. Lakini Matano, yule wa mizani, kapewa kiti chenye mgongo. Mimi stuli! Msimamizi mzima!
Msumeno ninao nyumbani. Mguu mmoja tu wa kile kiti utatosha.