Uyoga wa Mpira

Jumatatu, 7 Machi 1983

Leo nimeonewa hadharani. Wagonjwa sita, bakuli moja, vikaratasi sita. Sote tuna tundu chini ya kitovu, tulilotobolewa ili mkojo upite ushukie kwenye mfuko wa plastiki. Na matundu yote yana tabia moja: yanataka kuziba. Likiziba, ni kisu tena. Mimi kisu nimekionja mara mbili. Yatosha!

Daktari Masinde analeta kifaa kipya. Kijibomba cha mpira laini, kichwa kama uyoga, kinakaa tunduni mchana na usiku ili lisijibane. Watatu watavaa uyoga. Watatu wataingiza mrija mnene kila asubuhi, kama zamani. Baada ya wiki mbili atapima. Nikachomoa kikaratasi: mrija. Theuri, mkulima wa kahawa wa Kiriaini, mtu asiyesoma hata gazeti alilofungiwa nyama: uyoga!

Jumanne, 8 Machi

Nimemwandikia Daktari kurasa nne. Nimemkumbusha kwamba nyanya yangu alivaa kijiti katika tundu la sikio miaka sitini, na halikuziba. Uvumbuzi huu ni wetu! Mjukuu ananyimwaje? Daktari alisoma akiwa amesimama, akasema kila mtu akijichagulia, hilo si jaribio, ni soko la Kagio. Sista Katunge, muuguzi wake, akaongeza kwamba ukurasa wa tatu unarudia wa pili. Uongo. Unaukazia.

Ijumaa, 11 Machi

Ushindi. Nimemkuta Theuri kwenye benchi la kliniki akijikuna. Uyoga unamwasha, na mkewe hataki uchemshwe nyumbani mwake. Tumebadilishana. Alitaka kitu kimoja tu juu yake: barua ya gazetini ya kumng'oa mwenyekiti wa kiwanda chao cha kahawa. Nimeiandika pale pale. Neno "kupe" limo mara tatu. Kadi zetu za kliniki, zinazoonyesha nani ana nini, hazikuguswa. Nani atajua?

Nimefika nyumbani, nikauchemsha, nikauvaa. Umeingia kama mwenye nyumba.

Jumamosi, 12 Machi

Ni lazima uchemshwe kila siku, dakika kumi. Lakini Wangechi, mke wangu, hajui habari za mapatano, na jiko letu lilikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, tangu alfajiri. Maji yanayochemka ni maji yanayochemka. Sayansi haibagui sufuria. Alipotoka kwenda kuchuma sukuma wiki, nikautumbukiza.

Mara akaingia Mzee Hezekiah, mzee wa kanisa, na lalamiko kuhusu barua yangu juu ya kwaya. Nilimjibu kwa dakika arobaini. Sikumwona Wangechi akirudi wala akipakua. Nilipogeuka, sufuria ilikuwa na mahindi na maharagwe basi, naye Mzee alikuwa anatafuna kitu kimoja kwa muda mrefu sana.

"Mama Gathoni, hii matumbo iko tamu," alimwambia mke wangu, "lakini ni ngumu kidogo."

Wangechi akasema hakuweka matumbo. Mzee akacheka, akasema wanawake wa Nyeri wana siri zao. Akameza.

Jumatano, 16 Machi

Nimepanda hadi Kiriaini kudai mrija wangu. Theuri amekataa. "Mimi na mrija tumepatana, Mwalimu. Wewe ulitaka uyoga, kaa na uyoga." Sikuweza kumwambia uyoga uko wapi. Kwa Sista nako siendi: nikiomba mrija mwingine atauliza wa kwanza uko wapi.

Mkojo unatoka kwa matone, kama bomba la mtaa wetu mwezi wa Februari. Wangechi ameuliza kwa nini nashika tumbo. Nimemwambia ni siasa.

Jumatatu, 21 Machi

Vipimo. Tundu la Theuri: wazi, safi. Langu: hata kijiti cha kiberiti kingekwama. Daktari akatazama kadi. Kwenye kadi, Theuri ni mtu wa uyoga na mimi ni mtu wa mrija. Uso wake ukang'aa. Akasema sisi wawili ndio ushahidi bora alioupata, na kwamba ataandika Nairobi uyoga uletwe kwa kila mgonjwa. Kisha akampa Theuri mkono, akamwita mgonjwa wa mfano.

Ningeweza kunyamaza. Ningevumilia hata kisu. Lakini Theuri, mgonjwa wa mfano?

"Daktari," nikasema, "uyoga wa Theuri ulikaa kwangu siku moja. Sasa uko tumboni mwa Mzee Hezekiah."

Daktari alichana kadi zote mbili, polepole. Tumefutwa kwenye jaribio. Kisha akanifungua tundu kwa vyuma, kuanzia chembamba. Nilitaja manabii wote kwa mpangilio. Likijibana tena, amesema, ni kisu, na hatasoma barua.

Alhamisi, 24 Machi

Nimetulia. Nina mrija mpya, nautumia kila asubuhi mbele ya Wangechi, ambaye sasa anajua yote na amenipa sufuria yangu peke yangu. Mzee Hezekiah yuko salama. Ameulizia yale matumbo. Nimemwahidi mke wangu kwa kiapo: ujanja basi.

Ila leo kliniki nimekutana na Muriithi, mnunuzi wa mbuzi kutoka Doldol. Ameingizwa kwenye jaribio mahali pa Theuri. Amepata uyoga. Unamwasha. Tena ana ugomvi na ofisa wa mifugo, na hajui kuandika barua kali.

Kesho nitabeba kalamu mbili. Na sufuria yangu.